Jinsi ya Kuendesha Jimu Ndogo na Kumfikisha Mteja Kwenye Lengo Lake

Jimu kubwa yenye wanachama mia kadhaa inaweza kuvumilia wengi wao walipe na wasionekane. Wakija wote kwa wakati mmoja, hata pa kusimama hapatoshi. Wewe mwenye chumba kimoja na wateja thelathini au arobaini huna nafasi hiyo. Mteja akiacha kuja wiki hii, mwezi ujao halipi, na pengo lake unaliona kwenye hesabu siku hiyohiyo. Kwa hiyo usijaribu kushindana na wakubwa kwa wingi wa mashine. Ulichonacho wewe ni kwamba unamjua kila anayeingia mlangoni: goti lipi linamsumbua, wiki iliyopita alinyanyua kilo ngapi, na kwa nini alikuja. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Hesabu nafasi kabla ya kuhesabu pesa

Kocha mmoja anaweza kuwasimamia vizuri watu wanne hadi sita kwa wakati mmoja, na kama wengi wao ni wageni wa vyuma, basi wanne. Chukua watano. Saa ambazo watu huja kweli ni chache, yaani alfajiri kabla ya kazi na jioni baada yake. Tuseme una saa nne za namna hiyo kwa siku, siku sita kwa wiki. Watano mara nne mara sita ni nafasi 120 kwa wiki. Kila mteja akija mara tatu, chumba chako kinabeba watu 40. Ukisajili 60, utalazimika kuwapa huduma ya nusunusu, na wazuri ndio watakaoondoka kwanza.

Sasa jumlisha kodi ya chumba, umeme, maji, usafi, matengenezo na mshahara wako mwenyewe (wengi huusahau, wakajikuta wanaishi kwa kilichobaki). Gawanya jumla hiyo kwa wateja 30, si 40, maana chumba hakijai miezi yote. Hiyo ndiyo ada ya chini unayoweza kutoza. Kama ni kubwa kuliko watu wako wanavyoweza kulipa, tatizo liko kwenye kodi au kwenye saa za kazi, na ni heri ulijue kabla ya kusaini mkataba.

Hatua ya 2: Nunua vifaa vichache vinavyoongezeka uzito

Sakafu ya mpira, hewa inayopita, mwanga wa kutosha. Chuma kirefu cha kawaida kina urefu wa mita 2.2 na uzito wa kilo 20. Cha kilo 15 ni kifupi kidogo na chembamba mkononi, na kinawafaa wengi wanaoanza. Pima chumba chako kwa urefu huo, pamoja na nafasi ya mtu kupita nyuma bila kugongwa. Ongeza stendi yenye vizuizi vya usalama pembeni, benchi imara, dambeli za uzito mbalimbali, ketobeli (tufe la chuma lenye mpini juu) mbili tatu, mikanda ya mpira na boksi la kupandia.

Kitu kinachosahauliwa mara nyingi ni pleti ndogo, yaani visahani vya uzito vinavyovishwa kwenye ncha za chuma kirefu. Mtu anayesukuma kilo 20 juu ya kichwa ukimwongezea kilo 5 umempandishia robo nzima ya mzigo, na hawezi. Ukiwa na pleti za kilo 1.25 kila upande, ongezeko ni kilo 2.5, ukiwa na za nusu kilo, ni kilo moja tu. Mteja mwenye mikono dhaifu anapoona namba yake inapanda kila wiki mbili, hata kwa kilo moja, anarudi. Pleti hizo ndogo ni bei rahisi kuliko mashine yoyote utakayonunua, na zina faida kubwa zaidi.

Mashine zenye nyaya zikague kila wiki: waya uliochanika nyuzi, bolti iliyolegea, pini isiyokaa. Ikiwa na kasoro, iwekee alama na uifunge siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Kaeni chini kwanza, fomu ya afya mkononi

Mteja mpya asiguse chuma siku ya kwanza kabla hamjazungumza. Kuna fomu ya maswali saba inayotumika duniani kote, iliyoanzia Kanada miaka ya 1970 na inajulikana kwa kifupi PAR-Q. Inauliza mambo kama haya: daktari amewahi kukuambia una tatizo la moyo? Unapata maumivu ya kifua ukijishughulisha? Huwa unapoteza mizani kwa kizunguzungu au kuzimia? Una mfupa au kiungo kinachoweza kuharibika zaidi ukifanya mazoezi? Unatumia dawa za presha au moyo? Jibu la ndiyo kwenye swali lolote maana yake ni kumwona daktari kabla ya kuanza. Usilione hilo kama kupoteza mteja. Mtu uliyemwambia "nenda kapimwe kwanza, mimi nakusubiri" huwa anarudi akikuamini.

Uliza pia kuhusu upasuaji, ujauzito, kisukari na dawa zote anazotumia. Baadhi ya dawa za presha huzuia mapigo ya moyo yasipande, hivyo kumpimia mtu huyo mazoezi kwa mapigo kutakudanganya. Kwake tumia kipimo cha juhudi nitakachokieleza mbele.

Na kabla hujafungua mlango, jifunze huduma ya kwanza kwa mwalimu aliyehitimu. Mtu akianguka, hapumui kawaida na haitiki, mmoja aite msaada huku mwingine akikandamiza kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Bandika ukutani namba ya dharura na maelezo ya jinsi ya kufika mahali mlipo, kwa sababu katika taharuki hata wewe mwenyewe unaweza kushindwa kuelekeza.

Hatua ya 4: Geuza tamanio liwe lengo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo makocha wengi wanapoharakisha. Mtu anakuja anasema "nataka kupungua" au "nataka kuwa fiti", kocha anaandika "kupungua" kwenye kadi, wanaanza. Miezi miwili baadaye hakuna anayejua kama wamefika popote.

Sikiliza mazungumzo yanavyoweza kwenda. Amekuja mama wa miaka 52.

"Karibu, mama. Nini kimekuleta?"

"Nataka kupunguza mwili, mwalimu."

"Sawa. Mwili ukipungua, kuna kitu utaweza kufanya ambacho leo kinakushinda?"

Ananyamaza kidogo. "Ofisi yetu iko ghorofa ya nne. Lifti ikiharibika, nasimama mara mbili njiani, vijana wananipita. Naona aibu."

Hilo sasa unaweza kulifanyia kazi. Kupanda ghorofa nne bila kusimama kunapimika, kuna siku ya kupimwa, na ni kwake, si kwa picha ya mtu mwingine. Andika kwa maneno yake mwenyewe. Kisha ongeza namba: leo anasimama mara mbili, baada ya wiki 12 apande bila kusimama, akifika juu aweze kuongea sentensi nzima. Kupungua uzito kutakuwepo, ila kutakuwa lengo la pili, na kwa mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, usiozidi hapo. Anayemwahidi mteja kilo kumi kwa mwezi anamuuzia maji na misuli iliyopotea.

Baada ya lengo, andikeni matendo. Lengo la ngazi haliko mikononi mwake moja kwa moja. Matendo yako mikononi mwake. Kuja Jumatatu na Alhamisi. Kutembea dakika 20 siku nyingine tatu. Kulala kabla ya saa tano usiku. Matatu yanatosha. Muulize: "Kati ya moja hadi kumi, una uhakika kiasi gani kwamba utaweza haya wiki hii?" Akisema sita, punguza mpaka aseme nane au tisa. Dakika 20 zikawa 10, basi ziwe 10. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Phillippa Lally na wenzake wa London uliwafuatilia watu waliokuwa wanajijengea tabia moja ndogo ya kila siku. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 mpaka tabia ije yenyewe, na makadirio yalitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254. Kosa la siku moja halikuharibu kitu. Mwambie mteja hayo mapema, ili wiki ya tatu akiona bado anajilazimisha asidhani ana kasoro.

Hatua ya 5: Vipimo vya mwanzo

Vichache, na vya aina ileile kila mara. Kiuno kwenye usawa wa kitovu. Uzito asubuhi kabla ya kula. Kunyanyuka kutoka kwenye kiti kwa sekunde 30 mikono ikiwa kifuani, uhesabu mara ngapi. Pushapu, hata za ukutani. Umbali anaotembea kwa dakika sita.

Usimpime mgeni kilo za juu kabisa anazoweza kunyanyua mara moja. Huna haja. Akinyanyua kilo 40 mara nane kwa mkao mzuri, kanuni ya Epley inakukadiria kilo hizo za juu: gawanya marudio kwa 30, jumlisha moja, kisha zidisha kwa kilo. Hapo inakuja kama kilo 51. Ni makadirio, ila yanatosha kupangia kazi.

Hatua ya 6: Andika programu inayopanda

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akiwatibu askari majeruhi Chicago, aliacha kuwapa mazoezi mepesi ya kurudiarudia bila mwisho akawapa uzito, na akauongeza kadiri misuli ilivyopata nguvu. Alichapisha kazi yake mwaka 1945. Miaka michache baadaye, yeye na mwenzake Arthur Watkins walipunguza seti nyingi za mwanzo (seti ni fungu la marudio kabla ya kupumzika) zikawa tatu za marudio kumi. Seti tatu za kumi unazoziona kila jimu zina asili yake humo, na kanuni yenyewe haijabadilika: mzigo upande taratibu, na uandikwe.

Kwa mteja wa kawaida siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha kwa vyuma. Kila siku iwe na kuchuchumaa, kuinama na kunyanyua kitu kutoka sakafuni, kusukuma, kuvuta, na kubeba kitu kizito huku anatembea. Mchagulie zoezi linalolingana na mwili wake. Mama yule wa ghorofa ya nne anaanza kwa kukaa na kunyanyuka kwenye boksi, kupanda boksi fupi mguu mmoja mmoja, kunyanyua ketobeli, kusukuma ukutani na kuvuta mkanda wa mpira. Kupanda boksi ndilo zoezi lake kuu, kwa sababu ngazi ndiyo lengo lake.

Njia rahisi ya kupandisha: mpe seti tatu za marudio 8 hadi 12. Anaanza na uzito anaouweza mara nane. Kila wiki anaongeza rudio moja au mawili. Akifika 12 kwenye seti zote tatu, mkao ukiwa safi, ongeza kilo kidogo na rudi nane. Kadi yake ya kupanda boksi ukiwa na dambeli inaweza kusomeka hivi: wiki ya kwanza kilo 4, marudio 8, 8, 8, ya pili 10, 9, 8, ya tatu 11, 10, 10, ya nne 12, 12, 12, ya tano kilo 5, marudio 8, 8, 8. Anaiona mwenyewe. Apumzike dakika moja na nusu hadi tatu kati ya seti, mradi pumzi imerudi.

Kuhusu juhudi, mtu wa Uswidi, Gunnar Borg, alitengeneza kipimo cha mtu kujikadiria mwenyewe ugumu wa kazi, kikianzia 6 mpaka 20, ambapo ukiongeza sifuri unapata takriban mapigo ya moyo ya mtu mzima mwenye afya. Jimu nyingi sasa hutumia moja hadi kumi. Seti ya vyuma iishie saba au nane, yaani mteja angeweza kuongeza marudio mawili au matatu lakini anaacha. Kwa mazoezi ya moyo na mapafu, tumia maongezi: akiweza kusema sentensi lakini hawezi kuimba, yuko wastani; akiweza kutoa maneno machache tu, ni kazi nzito. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za nguvu, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Saa zako mbili kwa wiki peke yake hazifiki huko, ndiyo maana kutembea kumo kwenye matendo.

Wiki mbili za mwanzo ziwe nyepesi kuliko anavyotaka. Nasisitiza. Maumivu ya misuli hukolea kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, na mtu aliyeshindwa kushuka ngazi kwa siku tatu hana sababu ya kurudi. Kuna hatari kubwa zaidi: mgeni aliyesukumwa kupita kiasi anaweza kuvunjika misuli mpaka sumu yake iingie kwenye figo. Dalili ni maumivu makali yasiyo ya kawaida, uvimbe, udhaifu na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Kusimamia saa yenyewe

Weka simu mbali. Simama pale unapowaona wote. Kabla ya kila seti mwambie mtu jambo moja tu la kufikiria. Mteja anachuchumaa, visigino vinanyanyuka, magoti yanaingia ndani, mgongo unapinda: ukimtajia yote matatu atasimama ameduwaa. Mwambie "kandamiza sakafu kwa kisigino", basi. Mara nyingi magoti yatajirekebisha yenyewe. Visigino vikigoma, weka pleti nyembamba chini yake leo, na vifundo vya miguu mtavifanyia kazi polepole. Ukihitaji kumgusa kumwelekeza, omba ruhusa kwanza, kila mara, hata kwa mteja wa miaka mingi.

Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo, kifua kubana, kizunguzungu: zoezi linasimama. Hakuna "malizia seti".

Hatua ya 8: Fuatilia kati ya siku na siku

Weka daftari au jedwali lenye jina na tarehe ya mwisho ya kila mteja kufika. Liangalie kila jioni. Aliyekosa mara mbili mfululizo mpigie kabla ya kukosa ya tatu. Usimwulize "mbona huji?", maana hilo linamfanya ajitetee. Mwambie, "Nimekukumbuka, kesho nina nafasi saa kumi na mbili jioni, tufanye nusu saa tu." Nusu saa inamrudisha mlangoni; mengine yatafuata.

Kila wiki ya nne rudia vipimo na kaeni dakika kumi. Uzito wa mwili unaweza kupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku chache kwa sababu ya maji, chumvi na chakula kilicho tumboni, hivyo linganisha wastani wa wiki, si asubuhi moja. Ikiwa mizani haisogei lakini kiuno kimepungua na kadi inapanda, programu inafanya kazi, iache. Ikiwa vyote vitatu vimesimama, uliza usingizi na msongo kabla ya kuongeza mazoezi. Kocha anayejibu kila mkwamo kwa kuongeza seti anamchosha mtu ambaye tayari amechoka.

Suala la chakula litakuja tu. Unaweza kuzungumzia mambo ya jumla: ukubwa wa sahani, mboga, vinywaji vyenye sukari, na protini ya takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku kwa anayejenga misuli. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au historia ya kujinyima chakula mpeleke kwa mtaalamu wa lishe. Na dawa za kujaza misuli zisiuzwe, zisitajwe kwa kusifiwa, wala zisipatikane chumbani kwako. Zinaharibu moyo, ini na uzazi, na wanaozitafuta mara nyingi ni vijana ambao wangekua vizuri bila hizo.

Hatua ya 9: Pesa na kanuni za nyumba

Ada ilipwe mwanzoni mwa mwezi, kwa risiti. Pesa ya jimu ikae mbali na ya nyumbani kwako. Andika ukurasa mmoja wa kanuni: taarifa ya kughairi itolewe saa ngapi kabla, mgonjwa au msafiri anasimamishaje uanachama, vyuma virudishwe mahali pake, benchi lifutwe. Kila mtu asaini siku ya kwanza. Taarifa za afya za wateja zifungiwe, na zisizungumzwe mbele ya wengine.

Hatua ya 10: Siku lengo likitimia

Wiki ya 12, nenda na yule mama kwenye ngazi, au mwombe akupigie simu akifika juu. Iandike kwenye kadi yake pamoja na tarehe. Wateja wengi huacha jimu wakati huu hasa, wakiwa wamepata walichotaka na hawajui kinachofuata. Kwa hiyo kikao cha lengo jipya kipange wiki ya 10, kabla hajafika. Kinaweza kuwa lengo kubwa zaidi, au kinaweza kuwa kulinda alichopata kwa siku moja au mbili kwa wiki, kwa ada ndogo. Hilo nalo ni lengo halali, uliandike kwa uzito uleule. Akiamua kuondoka, mpe nakala ya kadi yake yote na programu ya wiki nne ya kufanyia nyumbani, na umwambie nafasi yake ataikuta kwa ada ileile akirudi ndani ya miezi mitatu.